Watunzaji wa Miswada ya Kale

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhi miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, pamoja na kanda za sauti. Mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen aliongoza ukusanyaji wa hazina hiyo katika miaka ya 1960, na orodha aliyoiandaa ilichapishwa Leiden mwaka 1970.

Mswada ukishapokelewa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mtunza nyaraka hunawa mikono na kuikausha, kisha hupangusa vumbi kwa brashi laini. Namba huiandika kwa penseli, kwani wino hupenya karatasi na haufutiki. Hutazama ukurasa wa mwisho, ambako mara nyingi mnakili ameacha jina lake na tarehe ya Hijria. Bila kumbukumbu hizo, mtafiti hataweza kujua mswada ulitoka wapi wala nani aliunakili.

Unyevu, joto na wadudu havipumziki; watunzaji nao hawapumziki.

Je, una karatasi za mababu nyumbani? Usizigandishe kwa selotepu. Ziweke pakavu, mbali na jua, na umwone mkutubi.