Siasa Linganishi
Siasa linganishi ni tawi la sayansi ya siasa linalochunguza dola, vyama na chaguzi kwa kulinganisha nchi na nchi, ili kupata sababu za tofauti zao. Kueleza nchi moja moja hakutoshi, ingawa vitabu vingi vya fani hii viliishia hapo. Mfano bora ni utafiti wa Daniel Posner, uliochapishwa mwaka 2004, kuhusu Wachewa na Watumbuka, waliogawanywa na mpaka wa kikoloni kati ya Zambia na Malawi. Mila ni zilezile pande zote mbili. Hata hivyo, Posner alikuta kwamba nchini Malawi makabila hayo yalikuwa mahasimu wa kisiasa, na nchini Zambia yalikuwa washirika. Kwa maelezo ya Posner, nchini Malawi kila kabila ni kubwa kiasi cha kuwa mtaji wa kura, ilhali nchini Zambia yote mawili ni madogo, hivyo huungana kama watu wa Mashariki. Wapinzani husema kila nchi ina historia yake: Malawi ilitawaliwa na Rais Kamuzu Banda, na Kichewa kikafanywa lugha ya taifa mwaka 1968. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiuvunji ulinganisho. Inaleta sababu shindani, ambayo nayo haipimiki bila kutazama nchi nyingine.