Hema la familia

Hema la familia ni makazi ya muda ya kitambaa, yanayoshikiliwa kwa fito, kamba na vigingi, na yenye nafasi ya kulala watu wazima pamoja na watoto. Neno "hema" lina asili ya Kiarabu. Nchini Tanzania hema hutofautishwa na turubai kubwa linalofungwa kwenye harusi na misiba, ambalo huwa na paa tu na halina sakafu.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua hema kwa fedha kidogo, hasa kwa matumizi ya mikoa ya Mbeya na Iringa katika Nyanda za Juu Kusini.

Mazingira

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Sehemu za Rungwe, karibu na Tukuyu, hupata mvua nyingi kuliko maeneo mengi ya Tanzania. Miezi ya Juni na Julai ni mikavu lakini yenye baridi kali.

Jiji la Mbeya liko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 za selsiasi kila mita 1,000 za kupanda, anayelala Kitulo hukuta baridi kubwa kuliko ya mjini, na usiku wa kiangazi jalidi huweza kuanguka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kupewa jina la "Bustani ya Mungu", huchanua maua wakati wa masika. Hivyo anayetaka kuyaona maua hayo hana budi kujiandaa kwa mvua.

Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umbali wa takriban kilomita 130 kutoka Iringa mjini, ni kinyume chake: ni kavu na ina joto. Huko hema linahitaji madirisha makubwa ya wavu, yanayopitisha hewa na kuzuia mbu.

Ukubwa

Idadi ya watu inayoandikwa kwenye hema huhesabiwa kwa kuwapanga wakiwa wamebanana, kila mmoja akipewa upana wa sentimita 60 hivi, bila nafasi ya mizigo. Kwa sababu hiyo familia ya watu wanne hukaa vizuri zaidi katika hema la watu sita. Hata hivyo hema kubwa mno ni zito, husukumwa zaidi na upepo, na huwa na baridi zaidi. Wakati mwingine mahema mawili madogo yanatosha, ikiwa watoto wana umri wa kulala peke yao.

Kuzuia maji

Uwezo wa kitambaa kuzuia maji hupimwa kwa milimita, yaani urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja. Kiasi cha milimita 1,500 hutosha mvua ya kawaida. Kwa masika ya Rungwe au Kitulo ni afadhali milimita 3,000. Sakafu huhitaji kipimo kikubwa zaidi kwa sababu hukandamizwa na miili ya waliolala.

Mahema mengi ya bei ndogo huvujia kwenye mishono. Mishono iliyofunikwa kwa utepe kwa ndani ni dalili nzuri. Kifuniko cha nje kinachofika karibu na ardhi pande zote ni bora kuliko kile kinachofunika paa tu. Unyevu unaoonekana ndani asubuhi si lazima uwe mvua: mara nyingi ni mvuke wa pumzi uliopoa, na dawa yake ni kuacha matundu ya hewa wazi.

Kununua mitumba

Njia moja ya kupunguza gharama ni kununua hema lililotumika, au kuazima kwa anayelo. Kabla ya kulipa, mnunuzi alitandaze hema lote na kukagua yafuatayo:

- Kitambaa: kivutwe kwa mikono. Nailoni na poliesta zilizokaa juani muda mrefu huchanika kwa urahisi.
- Utando wa ndani: ukinata vidoleni, ukibanduka au kutoa harufu kali, kinga ya maji imekwisha.
- Fito: zihesabiwe na kuunganishwa. Fito za alumini hudumu kuliko za nyuzi za kioo, ambazo hupasuka.
- Zipu na wavu: fundi cherehani anaweza kubadilisha zipu, lakini gharama yake iongezwe kwenye bei.

Vigingi vilivyopotea si sababu ya kuliacha hema, kwani fundi wa vyuma huweza kutengeneza vingine.

Fedha ikiwa haitoshi, kifuniko cha nje na sakafu hutangulizwa kuliko vyumba vingi au mapambo. Sehemu ya fedha ibaki kwa ajili ya blanketi na magodoro ya sponji, kwa sababu hema huzuia upepo na mvua lakini haliwezi kuwapasha watu joto, na baridi nyingi hutoka ardhini.

Usalama

Jiko la mkaa halipaswi kuingizwa ndani ya hema, hata likiwa limebaki majivu yenye moto tu. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hatari hii ni kubwa zaidi katika sehemu za baridi, ambako watu hufunga kila tundu ili kupata joto. Kitambaa cha hema pia hushika moto haraka.

Hema lisimikwe mahali palipoinuka kidogo, si kwenye korongo wala chini ya matawi makavu. Ndani ya hifadhi hupigwa kambi mahali palipotengwa tu, na chakula, hasa matunda, hakiwekwi ndani ya hema kwa sababu huvuta wanyama kama tembo.

Utunzaji

Hema likunjwe likiwa kavu. Likikunjwa bichi kwa sababu ya mvua, lianikwe kivulini mara baada ya kufika nyumbani, la sivyo litaota ukungu. Turubai dogo likitandikwa chini hulinda sakafu, lakini lisizidi ukingo wa hema, maana litakinga maji ya mvua na kuyaingiza chini ya waliolala.