Idadi Mbili za Risala: Darasa la Sekondari la Tarime na Serengeti Linapoitazama Safari Yake

Utangulizi

Katika jubilei ya miaka 100 ni desturi ya Kanisa kuhesabu. Huhesabiwa wachungaji na wainjilisti waliotumika, watoto waliobatizwa, ndoa zilizofungwa, makanisa yaliyojengwa na kengele zilizotundikwa. Hesabu hizo ni njema, kwa kuwa humkumbusha kila Mkristo fadhili za Mungu. Lakini katika wilaya za Tarime na Serengeti ipo hesabu nyingine inayosomwa kila mwaka hadharani mbele ya wazazi, viongozi wa Serikali na viongozi wa dini, na ambayo aghalabu haiingizwi katika vitabu vya historia ya Kanisa. Ni hesabu iliyomo katika risala ya wahitimu.

Kila mwaka, kabla ya mtihani wa kidato cha nne wa mwezi Novemba, shule za sekondari hufanya mahafali. Turubai hufungwa, kwaya huimba, keki hukatwa, wazazi huwavisha watoto wao mashada. Kisha wahitimu huwateua wenzao wasome risala kwa mgeni rasmi. Risala hizo zina muundo mmoja nchini kote. Huanza kwa salamu na shukrani, hutaja mafanikio ya shule, hueleza matatizo ya maabara, maji, mabweni na uzio, na humwomba mgeni rasmi msaada. Ndani yake huwapo sentensi inayotaja idadi mbili: walioanza kidato cha kwanza na wanaohitimu siku ile. Idadi ya pili huwa ndogo kuliko ya kwanza. Tofauti yake huelezwa kwa maneno machache: kuhama, ugonjwa, utoro, na sababu nyinginezo.

Makala hii inaitazama tofauti hiyo. Darasa linapogeuka nyuma na kuiangalia safari yake, humwona pia yule ambaye dawati lake lilibaki tupu. Katika nchi ya Wakurya na majirani zao Wangoreme, Waikoma na Wanata, dawati tupu lina historia yake.

Rika la mila

Kabla ya shule kuwako, vijana wa Kikurya walikuwa na darasa lao. Wavulana na wasichana waliotahiriwa katika msimu mmoja walihesabiwa kuwa rika moja, ambalo kwa Kikurya huitwa esaro. Rika lilipewa jina, na jina hilo lilimfuata mtu hadi uzeeni. Watu wa rika moja waliitana ndugu, walisaidiana katika kazi na misiba, na walijua ni nani wa kumtania na ni nani wa kumheshimu. Wazee wa baraza la mila, inchama, ndio walioamua kama msimu utafunguliwa au la, kila ukoo kwa wakati wake: Wakira, Wanchari, Watimbaru, Wanyabasi, Wairege, Wanyamongo, Warenchoka na wengineo.

Haifai kulidharau jambo hili. Rika lilimpa kijana jina, mahali pa kukaa na watu wa kumzika. Ndiyo maana msichana ambaye hakukeketwa aliitwa msagane, neno la dharau lililomaanisha kwamba bado ni mtoto, hata kama alikuwa mama. Uchungu wa neno hilo ni mkali kuliko watu wa mbali wanavyodhani, na wasichana wengi wamekubali kisu kwa kuliogopa.

Hata hivyo gharama ya rika hilo imelipwa na mwili wa msichana. Ukeketaji humletea maumivu, kutokwa damu, maambukizo, na hatari wakati wa kujifungua, na wengine wamepoteza maisha. Baada ya hapo msichana huhesabiwa kuwa ameiva kuolewa. Mahari ya ng'ombe hulipwa kwa baba, na mara nyingi ng'ombe haohao hutumika kumwolea kaka yake. Hivyo kisu na zizi vimeungana, na shule imesimama katikati yao.

Rika la darasa

Kwa muda mrefu shule ya sekondari katika sehemu hizi ilikuwa jambo la wachache. Mwana wa Mara aliye mashuhuri kuliko wote, Mwalimu Julius Nyerere, alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1937 akaenda Tabora, mamia ya kilomita kutoka kwao. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya msomi: kuondoka. Aliyechaguliwa kwenda sekondari alipanda basi akiwa na sanduku la bati, akakaa bweni na vijana wa makabila mengine. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule nyingi za madhehebu chini ya Serikali, mchanganyiko huo ulizidi. Darasa lilikuwa rika jipya, mbali na rika la nyumbani.

Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 2000. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 ulijaza madarasa ya shule za msingi baada ya ada kufutwa. Mwaka 2004 ukafuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na wananchi wakahimizwa kujenga shule katika kila kata. Wazazi walichanga fedha, wakabeba mawe, mchanga na maji. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, nayo ilifutwa kuanzia Januari 2016.

Shule za kata zilileta baraka kubwa, kwa kuwa maelfu ya watoto ambao wasingaliona kidato cha kwanza walikiona. Lakini zilileta pia jambo ambalo halikutazamwa sana. Mwanafunzi hakuondoka tena nyumbani. Asubuhi alikuwa mwanafunzi na jioni alikuwa mtoto wa ukoo, karibu na bibi, shangazi na wazee wa mila. Rika la darasa na rika la jando yakakutana katika kijiji kimoja, na wakati mwingine katika mtoto mmoja. Pale ambapo kata inapakana na ukoo hasimu, watoto wa koo zilizopigana kwa ajili ya ng'ombe na ardhi walijikuta wakiketi dawati moja. Ugomvi huo wa koo uliwahi kuwa mkubwa kiasi cha Serikali kuanzisha Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya.

Kwa wavulana, mvuto wa kuacha shule ulikuwa na sura nyingine. Kulikuwa na ng'ombe wa kuchunga, na wengine walishawishiwa katika wizi wa mifugo. Kulikuwa na biashara ya mpakani Sirari. Tangu mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, kulikuwa pia na mawe ya dhahabu ya Nyamongo, ambayo humwonyesha kijana fedha ya leo wakati daftari humwahidi fedha ya kesho.

Darasa la mwaka 2019 hadi 2022

Ili jambo hili lionekane wazi, inafaa kulifuata darasa moja kwa kalenda yake. Wanafunzi walioingia kidato cha kwanza Januari 2019 walimaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2022. Katika koo nyingi za Tarime na Serengeti msimu wa ukeketaji umezoeleka kuwa Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, wakati shule zimefungwa. Kwa hiyo darasa lolote la miaka minne lazima lipite katika misimu miwili. Darasa hili liliukuta msimu wa kwanza Desemba 2020, kati ya kidato cha pili na cha tatu. Liliukuta wa pili Desemba 2022, mara tu baada ya mtihani wa mwisho, wakati hakuna tena mwalimu wa kuita majina.

Mwaka 2020 ulikuwa mgumu kabla hata Desemba haijafika. Tarehe 17 Machi shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine yakarudi tarehe 29 Juni. Kwa siku zaidi ya 100 wanafunzi wa kidato cha pili walikaa nyumbani. Katika miji mikubwa baadhi yao walifundishwa kwa redio na runinga. Katika vijiji vya Tarime na Serengeti wengi walirudi shambani, machungani na jikoni. Darasa lilipokusanyika tena, kila mmoja alitazama kushoto na kulia ili kujua nani amerudi.

Mwaka uliofuata ulileta mlango mpya. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata mimba, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kabla ya hapo binti aliyejifungua alikuwa amefungiwa mlango wa darasa lake. Sasa aliweza kurudi, ingawa si kwa rika lilelile, kwa kuwa wenzake walikuwa wamekwisha kutangulia.

Sheria nazo zilikuwapo. Tangu mwaka 1998 Kanuni ya Adhabu inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Tangu mwaka 2016 anayemwoa mwanafunzi anaweza kufungwa hadi miaka 30. Walakini sheria hukaa mjini, na kisu hukaa kijijini. Kwa hiyo nyumba za kimbilio zimekuwa na umuhimu wake. Huko Masanga, Tarime, kituo kinachosimamiwa na masista wa Kanisa Katoliki kimewapokea wasichana katika misimu ya ukeketaji. Huko Mugumu nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana. Wapo wasichana waliotoka nyumbani usiku na kutembea maporini hadi kufika huko, kisha wakaendelea na masomo.

Yapo matunda. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 28. Imeshuka, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne.

Kanisa na marika yake

Kanisa la Kilutheri halikuwa la kwanza kuingia Mara. Wakatoliki na Waadventista Wasabato walifika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wamennonite walianza kazi Shirati mwaka 1934. Wote walihubiri na kufundisha. Lakini takwimu zilizotajwa hapo juu ni za mkoa ambao Injili imehubiriwa kwa zaidi ya karne moja. Haiwezekani kusema kwamba nyumba za Wakristo hazimo ndani yake. Jambo hili linapaswa kusemwa katika jubilei, kwa sababu shukrani isiyo na toba ni nusu ya shukrani.

Urithi wa Kilutheri unayo silaha ya kazi hii. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule, kwa wavulana na kwa wasichana pia. Mwaka 1529 alitoa Katekisimu Ndogo ili baba na mama waitumie kuwafundisha watoto nyumbani. Mwaka 1530 aliandika hotuba ndefu ya kuwaonya wazazi waliowatoa watoto shuleni kwa tamaa ya fedha. Mzazi wa karne ya 16 aliyeona mwanawe atapata faida upesi sokoni hatofautiani sana na mzazi wa leo anayehesabu ng'ombe.

Tena, Kanisa lina rika lake. Darasa la kipaimara huwakutanisha wavulana na wasichana, wa ukoo huu na ukoo ule, kwenye benchi moja. Mwisho wake husimama mbele ya altare, huulizwa mmoja mmoja kwa jina, na usharika wote hushuhudia kwamba wamekuwa Wakristo wenye kuwajibika. Hakuna damu inayomwagwa, kwa kuwa damu imekwisha kumwagwa mara moja tu. Msichana aliyepata kipaimara hapaswi kuitwa msagane na mtu yeyote wa usharika wake. Huko shuleni, Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, UKWATA, huwakusanya vijana wa makanisa ya Kiprotestanti kwa sala na kwaya, nao mara nyingi ndio wa kwanza kujua ni nani hakuonekana wiki hii.

Kinachobaki ni kuyaunganisha marika haya. Mwinjilisti anayo orodha ya kipaimara, mwalimu mkuu anayo daftari la mahudhurio. Orodha hizo zikisomwa pamoja mwezi Novemba, kabla shule hazijafungwa, na tena mwezi Januari, baada ya kufunguliwa, usharika utajua mapema ni nani wa kutembelewa. Wazee wa Kanisa ambao pia wanasikilizwa na wazee wa mila wanaweza kuingia katika nyumba ambazo polisi hawezi kuingia bila kuvunja udugu. Umoja wa Wanawake unaweza kumpokea binti kwa mwezi mmoja bila kelele. Mambo haya hayahitaji wafadhili.

Hitimisho

Darasa lililomaliza Novemba 2022 lilitawanyika kama madarasa yote. Waliofaulu waliingia kidato cha tano mwaka 2023, wakati ambapo ada ya kidato cha tano na cha sita ilikuwa imeondolewa. Wengine wako vyuoni, wengine kwenye bodaboda, wengine ni wazazi. Wanapokutana hukumbushana walimu, adhabu, njaa ya mchana na nyimbo za mahafali. Hukumbushana pia waliokuwa nao kidato cha kwanza na hawakuwa nao siku ya keki.

Mchungaji wa mfano wa Bwana alikuwa na kondoo 100, nambari ileile ya jubilei hii. Hakuridhika na 99. Naye angesimama mbele ya mgeni rasmi akaulizwa habari ya yule mmoja, asingejibu kwamba aliondoka kwa sababu nyinginezo. Angetaja jina lake na mahali alikompata. Bwana wa Kanisa aujalie usharika huu, katika miaka mingine inayokuja, kuyajua majina hayo, ili siku moja risala ya wahitimu wa Tarime na Serengeti isomwe ikiwa na idadi moja tu.