Ziwa Moja, Daftari Tatu

Mgeni ashukaye gatini Homa Bay alfajiri, kabla jua halijauondoa ukungu juu ya Ghuba ya Winam, huwakuta wavuvi wakirejea na taa zao za kuvulia dagaa wa omena zimekwisha kuzimwa, naye akiwauliza habari za maji ya usiku huo huambiwa kwamba yalikuwa mazito kwenye kasia, au yalikuwa na harufu, au rangi yake ilikuwa ya majani mabichi kuliko ya mawingu. Elimu hiyo ni kongwe na ni ya kweli, kwani aishiye kwa maji huyasoma kama mkulima asomavyo udongo. Lakini haikuandikwa popote, na elimu isiyoandikwa hufa na mwenyewe, wala haina kauli mbele ya wakubwa waamuao maji taka ya mji yamwagwe wapi. Makala haya yasimulia jinsi hali ya maji na hewa ya nchi hii, kuanzia Homa Bay hadi Migori, ilivyotiwa katika hesabu, na jinsi hesabu hizo zilivyokusanywa, zikatawanywa, kisha zikakusanywa tena. Maana katika kisa hicho mna funzo ambalo, kadiri vyombo vyetu vinavyozidi kuwa vya ajabu, ndivyo tunavyoelekea kulisahau.

Hesabu ya kale kuliko zote ni ya kimo. Tangu 1896 kimo cha Ziwa Viktoria kimekuwa kikipimwa upande wa Uganda, na kwa sababu daftari ile haikufungwa, sisi wa leo twaweza kusema kwa yakini kwamba maji yaliyowahamisha watu wa pwani za Homa Bay na Nyatike mwaka 2020 yalikipita hata kile kimo mashuhuri cha 1964. Ama hesabu ya usafi wa maji ilianza baadaye, pale Michael Graham, Mwingereza, alipofanya upimaji mkuu wa kwanza wa uvuvi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, akifuatana na kijana E. B. Worthington. Miongoni mwa vyombo vya wataalamu wa zama hizo mlikuwa na sahani nyeupe iliyofungwa kamba, aliyoifanyia majaribio Padri Angelo Secchi, mwanafalaki wa Roma, mwaka 1865: huteremshwa majini polepole mpaka itoweke machoni, na urefu wa kamba pale inapotowekea ndicho kipimo cha uangavu wa maji. Katika maji makuu ya ziwa siku hizo sahani ilionekana hadi kina cha mita 7 au 8. Kufikia miaka ya tisini ilikuwa ikitoweka kabla ya mita 3. Chombo kisichozidi sahani na kamba, maadamu kiliteremshwa na kuandikwa kwa uaminifu, kilitosha kuonyesha ya kwamba ziwa limebadilika katika umri wa mtu mmoja.

Mwaka 1947 kazi hiyo ilipewa nyumba ya kudumu mjini Jinja, palipoundwa taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Huko ndiko mtafiti J. F. Talling, mwaka 1960 na 1961, alikopima mwanga, joto, hewa safi iliyomo majini na nguvu za mwani, akaacha hesabu ambazo mpaka leo kila mtafiti wa ziwa hili hana budi kuzirudia, kama mwashi airudiavyo timazi. Ziwa lilikuwa moja, na daftari yake ilikuwa moja. Kisha ukafika mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na pamoja na reli na ndege na posta, elimu ya ziwa nayo ikagawanywa mafungu matatu. Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979, na wenzetu wakaunda zao. Lakini maji yaendayo yatakako hayakujua mipaka hiyo, na kwa muda mrefu hapakuwa na meza moja ambayo juu yake hesabu za Homa Bay, Mwanza na Jinja zingewekwa bega kwa bega.

Ajabu ya historia ni kwamba mwaka huo huo wa 1977, sisi tulipokuwa tukigawana daftari, mataifa ya Ulaya yalikuwa yakiziunganisha za kwao. Wasweden walikuwa wameona maziwa yao yakiwa machachu kwa asidi na samaki wakipungua, na mwanasayansi wao Svante Odén, akizisoma hesabu za mvua zilizokusanywa katika vituo vya nchi nyingi, alitangaza katika miaka ya sitini kwamba asidi ile haikutoka Sweden: ilibebwa na upepo kutoka katika moshi wa viwanda vya nchi za mbali. Hilo lilikuwa neno zito, kwani lilimfanya jirani kuwa mshitakiwa, wala jirani hakuwa tayari kukiri pasipo vipimo ambavyo yeye mwenyewe ameviamini. Ndipo ulipoanzishwa mpango wa EMEP, ambao kwao kila nchi ilipima hewa na mvua yake kwa kanuni moja na kuzipeleka hesabu mahali pamoja. Na ijapokuwa Ulaya ya siku zile ilikuwa imepasuliwa na uadui wa Mashariki na Magharibi, kituo kimoja cha kufanya hesabu kiliwekwa Oslo na kingine Moscow. Juu ya msingi huo ulitiwa sahihi Mkataba wa Geneva wa Novemba 1979, kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka ya nchi.

Yafaa msomaji alizingatie jambo hili, kwa kuwa aghalabu husifiwa kompyuta na kusahauliwa mapatano. Kompyuta za Oslo na Moscow zilifanya kazi kubwa, zikifuatilia moshi wa nchi moja mpaka uanguke kama mvua katika nchi nyingine; walakini zisingekuwa na cha kukokotoa lau wapinzani wasingekubali kwanza kuonyeshana daftari zao. Vyombo vilivyofuata, yaani Shirika la Mazingira la Ulaya lililoanza kazi Copenhagen mwaka 1994, na mitambo ambayo leo humwezesha raia kuisoma hali ya hewa ya mji wake kwenye simu, vilijengwa juu ya ahadi iliyotangulia.

Gharama ya kukosa ahadi kama hiyo tuliilipa sisi katika miaka ya themanini, ambayo ndiyo miaka ambayo ziwa lilibadilika kwa kasi kuliko wakati wowote uliotangulia. Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, aliongezeka ghafula. Ngege, yaani perege wa asili, wakapungua. Rutuba ya mashamba na maji taka ya miji vikaushibisha mwani. Na maji ya chini yakaanza kukosa hewa kwa majira marefu. Mwaka 1993, Rose Mugidde wa Uganda alipolinganisha vipimo vyake na vile vya Talling, alikuta nguvu za mwani za kuzalisha zimekuwa takriban maradufu. Hata tuta la kuvukia kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, lililojengwa katika miaka hiyo hiyo kwa nia njema ya kuwarahisishia watu usafiri, liliziba mlango mmoja ambao kwao maji ya ghuba yalikuwa yakipishana na maji makuu, na mlango huo haukufunguliwa mpaka lilipojengwa daraja, lililoanza kutumika mwaka 2017.

Kisha likaja gugumaji. Lilionekana ziwani upande wa Uganda mwaka 1989, likaingia Kenya punde baadaye, na kufikia 1998 lilikuwa limeufunika uso wa Ghuba ya Winam kwa zaidi ya hekta 17,000, hata mashua za Homa Bay na Kendu Bay zikakwama gatini kama zilizopandwa shambani. Lakini ile hesabu ya hekta ilipatikanaje, ilhali gugu lilikuwa likisukumwa na upepo, leo liko Kendu Bay na kesho liko Asembo? Hapo ndipo setilaiti zilipoingia katika historia yetu kwa kishindo. Landsat ya kwanza ya Wamarekani ilirushwa Julai 1972, nayo ilipiga picha kwa mwanga wa jua. Bali mawingu ya nchi zetu humficha jua, na kwa hiyo watafiti walitumia pia setilaiti za rada, ambazo hutuma mawimbi yake zenyewe na kuyapokea yakirudi, mawingu yasiweze kuyazuia. Kwa picha hizo gugu lilihesabiwa likipanda, na baada ya fukusi walao gugumaji kuachiliwa ziwani na mvua za El Niño kupita, likahesabiwa likishuka. Na liliporudi baada ya mvua za mwisho wa 2006, setilaiti zililiona tena.

Wakati huo mataifa nayo yalikuwa yameanza kurudiana. Mwaka 1994 ulitiwa sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake ni Jinja kule kule palipoanzia kazi. Mwaka 1997 ukaanza mradi mkubwa wa kuhifadhi mazingira ya ziwa. Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999. Na baada ya itifaki ya 2003, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ikapata makao yake Kisumu. Huko Nairobi kilikuwapo tangu 1975 kituo cha kanda cha ramani, kiitwacho sasa RCMRD, ambacho kuanzia 2008 kilishirikiana na NASA katika mpango wa SERVIR kuzigeuza picha za mbinguni ziwe habari za kutumika. Na Ulaya ile ile iliyojifunza kuunganisha daftari zake ilirusha setilaiti za Sentinel-2 mwaka 2015 na 2017, ambazo hupita juu ya nchi kavu na pwani kila baada ya siku tano, zikiona kila mraba wa mita 10, na picha zake hutolewa bure kwa atakaye, akiwa Copenhagen au Homa Bay. Mwani una kijani chake, matope yana wekundu wake, na kila rangi hurudisha mwanga kwa namna yake. Mwenye kuzisoma picha hizo kwa ustadi aweza kumwonya mfugaji wa samaki katika vizimba kwamba wimbi la mwani laja, kabla hewa ya majini haijaisha na samaki wake hawajaelea matumbo juu.

Ila jicho la mbinguni lina upofu wake, na upofu huo wadhihirika Migori. Katika vijiji vya Nyatike, kuzunguka Macalder, ambapo mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa katika miaka ya sitini, wachimbaji wadogo wameendelea kuitafuta riziki kwa mikono yao. Mawe husagwa, unga wake hutiwa maji, zebaki huchanganywa humo kwa mkono mtupu ili ishikamane na dhahabu, donge likakamuliwa katika kitambaa, kisha likachomwa motoni mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Huingia pafuni mwa mchomaji, na mara nyingi mwa mwanamke na mtoto walio karibu na moto. Zebaki inayobaki katika mabaki ya mawe huchukuliwa na mvua hadi Mto Migori, unaoungana na Kuja kuelekea ziwani, na huko matopeni vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ipandayo kutoka kwa kiumbe kidogo hadi kwa mkubwa, mpaka ifike kwa sangara na kwa mlaji wake. Utafiti wa J. S. Ogola na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulizieleza athari za machimbo hayo kwa mazingira na kwa afya. Na dunia ilikwisha kuonywa na mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, na ambao jina lake lilipewa mkataba wa mataifa wa 2013.

Hakuna setilaiti iwezayo kuiona zebaki katika tope la Kuja. Sharti mtu ashuke mtoni na chupa, achote, aweke alama, apeleke maabara; sharti unywele wa mchimbaji ukatwe na upimwe; sharti hesabu iandikwe, na mwaka ujao iandikwe tena mahali pale pale. Kwa maneno mengine, Migori yatudai ule ule uaminifu wa sahani na kamba.

Wala tusidhani kwamba tusipopima, hatutapimwa. Kati ya 1997 na 2000 samaki wa ziwa hili walifungiwa soko la Ulaya zaidi ya mara moja, kwa sababu ya vijidudu, kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa hofu ya dawa za sumu zilizotumiwa kuvulia. Na mvuvi ambaye hakuwa na hesabu ya kumtetea alijikuta amehukumiwa kwa kipimo kilichofanyika mbali na pwani yake. Asiye na daftari yake husomewa ya mwenziwe.

Katiba yetu ya 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na katika kifungu cha 35 imempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Na haki hizi mbili zikikutana ufukweni ndipo kazi ya miaka mia hii itakapotimia. Kamati za Usimamizi wa Ufuo ziko tayari katika mialo ya ziwa, nazo zaweza kuuweka ubao wa bei ya samaki mwaloni. Hapo kando ya bei pana nafasi ya mstari mmoja zaidi, kwa Dholuo na kwa Kiswahili, ueleze setilaiti imeona nini juma hili na maabara imekuta nini katika mto. Na pana mtu, mvuvi yule yule wa alfajiri, ambaye aweza kuteremsha sahani nyeupe kando ya mashua yake, akaangalia pale itowekapo, akaisoma kamba, na kwa simu iliyomo mfukoni mwake akaipeleka hesabu hiyo katika daftari ile moja iliyoanzwa Jinja, ambamo kwa muda mrefu mno mkono wake haukuwamo.