Somo wa Kazi: Historia Fupi ya Wanawake Kuinuana

Mwaka huu kikundi chetu kimetimiza miaka kumi. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha hapa, tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na tunawashukuru wote waliotuunga mkono, wakiwemo waume zetu waliovumilia Jumamosi zetu zote hizi.

Tulipopewa kazi ya kuandika historia kwa ajili ya kijitabu hiki, wengi walidhani tutaandika habari za hisa, mikopo na gawio. Hesabu hizo zimo katika taarifa ya mweka hazina, tena zimekaguliwa. Sisi tumeonelea tueleze jambo ambalo kikundi kilichelewa kulielewa, na kuchelewa huko kulimgharimu mmoja wetu.

Kila mtu wa pwani anajua kwamba msichana akivunja ungo hupewa somo. Somo ndiye humweka kitako, akamweleza ya utu uzima bila kumficha. Akiolewa, yupo wa kumpeleka. Lakini binti huyo huyo akipata kazi, asubuhi ya siku ya kwanza anavaa, anabeba mkoba, anakwenda peke yake. Nani somo wake kazini? Swali hilo ndilo tunalolifuatilia katika kurasa hizi.

Upatu na ngoma

Akina mama hawakuanza jana kuwekeana akiba. Bibi zetu walicheza upatu, ambao wengine huuita mchezo, na waliochezeana upatu ndio waliopikiana harusini na kuliliana msibani. Mtindo wetu wa VICOBA, wa hisa, mfuko wa jamii na sanduku lenye kufuli tatu, chimbuko lake ni nchi ya Niger, ambako shirika la CARE lilianza kazi hiyo na wanawake wa vijijini mwaka 1991. Hapa nchini uliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chombo kilikuwa kipya, lakini mazoea ya kuaminiana tulikuwa nayo siku nyingi.

Aliyeonyesha nguvu ya mazoea hayo ni Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Bibi Titi akapewa kazi ya kuongoza kitengo cha wanawake. Alikuwa na elimu ya msingi tu, hakuwa na ofisi wala gari. Alichokuwa nacho ni sauti ya kuimba na kujulikana katika vikundi vya ngoma vya mjini. Basi akawaendea viongozi wa ngoma, nao wakawaita watu wao. Wanawake wakaingia chamani kwa maelfu, wakachanga, na wengine wakauza hata vito vyao.

Tujiulize kwa nini waliitika upesi vile. Kiongozi wa ngoma alimjua kila mtu wake: nani anaumwa, nani anadaiwa, nani kaachwa. Aliposema "twende", hawakuhitaji maelezo marefu. Uhuru ulipopatikana, mwaka 1962 ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Wa kwanza hana wa kumwuliza

Baada ya uhuru wanawake wachache wakaanza kuingia katika kazi ambazo mama zao hawakuzifikiria. Lucy Lameck wa Kilimanjaro, aliyesomea uuguzi na baadaye akasoma Ruskin College, Oxford, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza bungeni na baadaye akawa naibu waziri. Esther Mwaikambo akawa daktari wa kwanza mwanamke Mtanzania. Julie Manning akasomea sheria wakati darasa la sheria lilikuwa la wanaume, na mwaka 1975 yeye na Tabitha Siwale wakawa mawaziri kamili wa kwanza wanawake nchini.

Sisi tunawasifu, na ndiyo haki yao. Lakini tukumbuke pia kwamba aliye wa kwanza hana wa kumwuliza. Akikosea husemwa kwamba wanawake hawawezi, akipatia husemwa kwamba yeye ni wa pekee. Na waliokuwa chini, akina karani, wauguzi, walimu na wapiga chapa, walikuwa na matatizo yao ambayo cheo cha mwanamke mmoja hakikuyaondoa.

Chukua habari ya likizo ya uzazi. Zamani likizo yenye malipo ilikuwa ya mwenye ndoa. Mfanyakazi asiye na cheti cha ndoa akijifungua, hasara ilikuwa yake na mtoto. Jambo hili lilibishaniwa sana, maana wapo waliosema kwamba kuwalipa wasioolewa ni kuharibu maadili. UWT ikalishikilia, na mwaka 1975 sheria ikarekebishwa, likizo ikawa ya kila mfanyakazi mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa. Waliolipigania wengi wao walikuwa wake za watu. Walimtetea asiyekuwa na wa kumtetea, na hilo ni somo tosha.

Miaka ya vyama

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu, wenye umri wetu mnaikumbuka foleni ya sukari na sabuni. Hata hivyo ni katika miaka hiyo wanawake wenye taaluma walianza kutafutana. Waandishi wa habari wanawake walijaribu kuungana tangu mwaka 1979, wakatayarisha vipindi vya redio kuhusu matatizo ya wanawake, lakini umoja wao ukalegea. Hawakukata tamaa. Walikutana upya, na mwaka 1987 ikazaliwa TAMWA. Gazeti lao wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mtoto wa wafinyanzi wa Fumba, Unguja, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri.

Mwaka huo huo wa 1987 madaktari wanawake wakaunda MEWATA, Profesa Mwaikambo akiwa miongoni mwa waanzilishi. Yule aliyekuwa wa kwanza akahakikisha wanaomfuata wana pa kuulizia. Wanasheria wanawake nao wakaanzisha TAWLA mwaka 1989, wakafungua milango ya msaada wa sheria kwa wanawake wasio na fedha za wakili. Mwaka 2000 majaji na mahakimu wanawake wakaunda TAWJA, Jaji Eusebia Munuo akiwa mwanzilishi wake, na chama hicho kimesema waziwazi juu ya rushwa ya ngono, jambo ambalo zamani lilisemwa kwa kunong'onezana chooni.

Sheria nazo zikaja. Mwaka 1998 unyanyasaji wa kijinsia ukatajwa kuwa kosa la jinai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikakataza ubaguzi kazini, ikaweka siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, ikamgusa mwenye madaraka anayedai ngono ili atoe ajira au cheo. Mwaka 2010 tukapata Spika wa Bunge mwanamke wa kwanza, Anne Makinda, na mwaka 2021 Rais mwanamke wa kwanza, Samia Suluhu Hassan.

Kwa hiyo sheria tulikuwa nazo na viongozi wanawake tulikuwa nao. Sasa sikilizeni yaliyotokea kwetu.

Kosa letu

Katika mwaka wa tatu wa kikundi, mwenzetu mmoja alikuwa mhudumu wa mapokezi katika ofisi moja hapa mjini Tanga. Alijifungua, tukaenda na khanga na sabuni, tukala pilau. Likizo ikaisha akarudi kazini. Mtoto akawa hataki chupa. Mama akaomba mchana awe anakwenda nyumbani kunyonyesha, akaambiwa ofisi si kliniki. Akawa anakwenda kwa kujiiba na kuchelewa kurudi. Haikupita muda akapewa barua ya kuachishwa kazi.

Hakutuambia. Aliona aibu. Akaanza kukosa vikao, na sisi, kwa mujibu wa katiba yetu, tukamtoza faini ya kutohudhuria. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna aliyepanda daladala kwenda kumwuliza kulikoni. Daftari lilikuwa sawa, kumbe mtu anazama.

Miezi minne baadaye ndipo alipomweleza mmoja wetu. Tukampeleka kwenye msaada wa sheria, na huko tukaambiwa mambo mawili yaliyotunyamazisha njia nzima ya kurudi. Kwanza, sheria ile ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya mtoto. Pili, anayeachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akichelewa, inambidi kwanza aombe kibali na aeleze sababu za kuchelewa. Mwenzetu alikwisha choka, akasema basi. Leo anauza vitumbua Ngamiani, ana wateja wake, na habari hii tumeiandika kwa ruhusa yake. Faini tulimrudishia. Kazi hatukuweza kumrudishia.

Liumalo zaidi ni hili: kati yetu mlikuwa na mwalimu aliyewahi kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi shuleni kwake. Zile saa mbili alikuwa anazijua. Hakuulizwa, naye hakujua kwamba kuna wa kuambiwa. Tulikaa mkeka mmoja kila Jumamosi tukihesabu fedha, na elimu iliyokuwa pale pale mkekani hatukuihesabu.

Nusu saa kabla ya sanduku

Tangu hapo tulikata shauri kwamba nusu saa ya kwanza ya kila kikao ni ya mambo ya kazi. Kufuli hazifunguliwi kabla. Mwanzoni wapo walionung'unika, eti tumekuja kukopa, hatukuja shule. Siku hizi sanduku likichelewa hakuna anayeuliza.

Katika nusu saa hiyo tumesoma barua za ajira kwa sauti, neno kwa neno. Tumefundishana kuangalia kama mwajiri anapeleka kweli michango ya hifadhi ya jamii anayokata kwenye mshahara. Tumejifunza kwamba taarifa ya ujauzito hupelekwa kwa maandishi pamoja na cheti cha daktari, angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, na nakala unabaki nayo. Tumefanyiana usaili wa majaribio, mmoja akijifanya bosi mkali, tukacheka mpaka machozi, lakini aliyekwenda usaili wa kweli Jumatatu alikwenda hatetemeki.

Kisha tukampangia kila mwanachama mpya au binti wa mwanachama anayeanza kazi mtu mzima wa kumwuliza, tukamwita somo wa kazi. Masharti yake ni madogo: uwe umefanya kazi ya mshahara, upokee simu yake, na siri yake usiitoe.

Haikuwa shwari siku zote. Mwenzetu mfanya usafi alipoomba mkopo wa kusomea utunzaji wa kumbukumbu, kikao kiligawanyika. Waliokataa walikuwa na hoja: duka unaliona na kuku unawahesabu, cheti utakikamata nini asipolipa? Ndipo mama mmoja, katibu muhtasi mstaafu, akasimama. Alisema, "Mimi kupiga chapa nilifundishwa na mwanamke mwenzangu saa ya chakula. Yeye alikosa chakula chake mwaka mzima kwa ajili yangu. Nani alimlipa?" Akajitolea kuwa mdhamini. Mkopo ukatoka. Mara mbili marejesho yalichelewa na maneno yakawa mengi, lakini deni lilikwisha, na sasa mwenzetu yuko masijala katika ofisi ile ile aliyokuwa akiipiga deki. Msichana aliyeshika ufagio baada yake, yeye ndiye somo wake.

Tuseme na upungufu wetu. Wapo waliopanda cheo wakaacha kuja, wakitutumia hisa kwa simu. Tunawaelewa, kazi zimewazidi. Lakini hisa ya simu haimfundishi mtu. Na wapo mabinti waliotujia na habari za kutakwa na wakubwa wao, tukawaambia wavumilie, kabla hatujajifunza kuwasindikiza TAKUKURU. Kwa hao tunaomba radhi hapa hadharani.

Ndugu wanachama na wapenzi wa kikundi, Bibi Titi alianza na watu waliojuana. Sisi nasi tunajuana. Kwa hiyo tunapoingia mwaka wa 11, ombi letu ni moja. Kila mmoja amtafute binti mmoja mtaani kwake anayeanza kazi, iwe dukani, hospitali, bandarini au kiwandani, amwulize amepewa barua ya ajira au bado. Akisema bado, aje naye Jumamosi. Tunaanza saa kumi kamili.