Baridi Iliyosafiri Hadi Butere

Reli kutoka Kisumu iliishia Butere, magharibi mwa Kenya, mwaka 1930. Mbegu za madume bora zilikuja baadaye, kwa barabara, ndani ya mitungi ya naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kenya ilianza uhamilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandikiza mbegu bila dume, mwaka 1935, na mwaka 1946 kikaanzishwa kituo cha Kabete. Siku hizo mbegu zilipozwa tu na kudumu siku chache, kwa hiyo mfugaji wa mbali hakuwa na lake. Mambo yaligeuka mwaka 1949, pale Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, huko Uingereza, walipogundua kwamba gliseroli huzikinga mbegu zisife zinapogandishwa. Chombo cha kuzihifadhia kilikuwapo tayari: chupa ya kuta mbili zisizo na hewa katikati, aliyoibuni James Dewar mwaka 1892. Chupa ya chai ya nyumbani ni mjukuu wake.

Serikali iliunda huduma ya taifa ya uhamilishaji mwaka 1966. Ilipojiondoa miaka ya 1990, kazi ikabaki kwa watu binafsi, na leo mtungi hufika bomani kwa pikipiki. Hapa ndipo pananipa wasiwasi. Chupa ya ndani huning'inia kwenye shingo yake tu. Barabara mbovu ikiitikisa hadi ufa ukatokea, hewa huingia kati ya kuta na naitrojeni huchemka haraka. Umande au barafu nje ya shingo ni dalili ya mtungi unaokufa.

Mbegu zikipata joto kupita nyuzi 130 chini ya sifuri, huanza kuharibika, na kujaza naitrojeni upya hakuzifufui. Mbegu hukaa ndani ya mirija myembamba, na kwa macho mrija wenye mbegu zilizokufa hautofautiani na wenye mbegu hai. Mfugaji wa Butere mwenye ng'ombe mmoja hulipa, husubiri siku 21, kisha humwona ng'ombe amerudi kwenye joto. Lawama humwangukia ng'ombe. Maziwa ni pesa ya kila siku, wakati muwa unaolimwa hapo huchukua mwaka na zaidi kukomaa; mzunguko mmoja uliopotea ni karo iliyochelewa.

Kuukagua mtungi hakudai maabara. Rula ya plastiki au ya mbao huzamishwa hadi chini, hutolewa na kupungwa hewani. Mstari wa barafu huonyesha kina cha naitrojeni, na kina hicho huandikwa daftarini pamoja na tarehe. Njia nyingine ni mizani: lita moja ya naitrojeni ina gramu 800 hivi, hivyo mtungi uliofungwa siku nzima ukipungua kilo 2, zimevukia lita mbili na nusu. Mfugaji ana haki ya kuomba kuliona daftari hilo kabla mrija haujatolewa.