Printa ya nyumbani: Bei ya dukani siyo gharama yake

MTU anayeingia dukani kutafuta printa ya nyumbani aghalabu hutazama bei iliyobandikwa kwenye boksi, akachagua iliyo ya chini na kuondoka akiamini ameokoa fedha. Miezi michache baadaye hurudi kununua wino, na hapo hugundua kwamba katriji mbili, ya nyeusi na ya rangi, zinakaribia bei ya mashine yenyewe. Si jambo la bahati mbaya. Printa nyingi za katriji huuzwa kwa faida ndogo, na faida kubwa hutafutwa katika wino.

Kwa hiyo la kuuliza kwanza ni gharama ya ukurasa mmoja. Kila katriji, chupa ya wino au tona ina idadi ya kurasa inayokadiriwa kutoa, ambayo huandikwa kwenye boksi au katika tovuti ya mtengenezaji. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kanuni ya kupima tona nyeusi mwaka 2004 na ya wino wa majimaji mwaka 2006. Gawanya bei ya wino kwa idadi hiyo ya kurasa.

Katriji nyeusi ya HP 123, inayotumika katika baadhi ya printa ndogo za DeskJet, hukadiriwa kutoa kurasa 120 tu. Chupa nyeusi ya Epson 103, inayomiminwa katika printa za tangi kama L3250, ina mililita 65 na hukadiriwa kutoa kurasa 4,500. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kila moja inauzwa Sh 36,000. Ukurasa wa katriji utagharimu Sh 300, na wa chupa Sh 8. Familia inayochapa kurasa 100 kwa mwezi, mazoezi ya watoto na barua chache, itatumia Sh 30,000 kwa wino wa katriji au Sh 800 kwa wino wa chupa. Tofauti ya bei ya mashine, hata ikiwa kubwa, hufidiwa upesi.

Printa hizi za tangi Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, ambako mafundi wa mitaani walikuwa tayari wakiunganisha mirija na chupa za wino kwenye printa za kawaida. Canon ilifuata na mfululizo wake wa G mwaka 2015. HP na Brother nazo zina za kwao.

Asiyehitaji rangi afikirie printa ya leza. Tona ni unga, haikauki hata mashine ikikaa miezi bila kazi, ilhali wino wa majimaji huziba matundu ya kichwa cha printa, na kila usafishaji hula wino mwingine. Tona ya HP 85A, kwa mfano, hukadiriwa kutoa kurasa 1,600. Lakini tona inayokuja ndani ya mashine mpya mara nyingi haijajaa. Tena leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla inapopasha joto, kwa hiyo isiunganishwe kwenye UPS ndogo ya kompyuta.

Kwa anayechapa kurasa tano au kumi kwa mwezi, ushauri wetu ni asinunue kabisa. Aende steshenari.

Kabla ya kulipa, uliza kama wino wa mashine hiyo unapatikana mjini kwako, na kagua kama lakiri ya chupa haijafunguliwa, kwani wino bandia ni mwingi. Uliza pia kama mashine hukataa katriji za watengenezaji wengine. Mwezi Septemba 2016 baadhi ya printa za OfficeJet zilianza kuzikataa, na HP ikalazimika kutoa programu ya kuondoa kizuizi hicho.

Printa za wino zina sponji inayopokea wino unaomwagwa wakati wa kusafisha kichwa. Ikijaa, mashine hugoma na wengi hudhani imekufa. Katika baadhi ya miundo mipya sponji hiyo imo katika kisanduku ambacho mwenye printa hukibadilisha mwenyewe. Katika mingine ni kazi ya fundi, lakini ni matengenezo madogo yasiyohitaji printa mpya.